Mashine ya Shosti, Mshahara wa Mwalimu

Wanaume wenzangu mlio na wake, na hasa mlio na wake wenye mashosti, sogezeni viti. Haya ninayotaka kusema hayakunipata peke yangu. Najua yamewakuta wengi, ila mnaona haya kuyatoa nje. Mimi kushindwa nyumbani kwangu nilishakuzoea, kwa hiyo haya sina.

Nakaa Milepa, mkoani Rukwa, mwalimu wa shule ya msingi. Ukitaja Sumbawanga, watu wa mikoa mingine hukuuliza mambo mawili tu, baridi na uchawi. Uchawi tutaufikia. Kuhusu baridi, jueni kwamba Ufipa ni nyumba ya ghorofa. Juu, kwenye mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, ndiko uliko mji wa Sumbawanga, na mahindi, na maharage, na watu wanaovaa makoti mawili mwezi wa sita. Sisi wa Milepa tuko ghorofa ya chini, Bonde la Ziwa Rukwa, karibu mita 1,000 chini yao, na katikati umesimama ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Huku ni joto, mbu, mpunga na ufuta. Ngazi yetu ni ile barabara ya Ntendo kushuka Muze, na kona zake. Ikumbukeni hiyo ngazi, maana sehemu kubwa ya fedheha yangu ilitokea humo.

Nyumbani kwangu anaongoza Mkuu wa Mkoa, yaani mke wangu. Cheo nilimpa mimi, madaraka alijipa mwenyewe. Yupo mama yake mzazi, mama mkwe wangu, tunamwita Taarifa ya Habari: akipata jambo saa mbili asubuhi, saa tatu kata nzima inalo, na limeshaongezewa maelezo ya mwandishi wetu. Yupo shemeji yangu, Fundi Karibu. Msidhani ni kwa ajili ya ukarimu. Kila kazi anayoishika iko karibu kwisha. Mlango wa choo chetu umekuwa karibu kwisha tangu kitinda mimba hajaota meno, na sasa hivi anayang'oa. Huyo kitinda mimba ni Mpelelezi, hakuna nyumba ya jirani asiyozijua sufuria zake. Dada yake mkubwa ni Spika, kwa sababu hakuna mjadala unaofungwa bila yeye kuuhoji. Mimi wananiita Hazina. Ni jina la heshima, ingawa wenyewe wanajua hazina hiyo inafunguliwa tarehe za mishahara na kukauka kabla ya mwezi kuandama.

Sasa huyo shosti. Yeye na Mkuu wa Mkoa waliolewa Milepa msimu mmoja, wote mabinti wa ghorofa ya juu, wakateremshwa kwenye joto hili wakiwa hawajui mtu. Walililia mbu pamoja. Walijifungua pamoja, wakashona sare pamoja, wakauza maandazi mnadani kwenye beseni moja na kugawana faida juu ya mkeka wangu. Chumvi ikiisha huku, inatoka kule. Mkigombana na mkeo, msomaji, yeye anakimbilia kwa shosti. Sisi tulikuwa hatujamaliza kugombana, shosti amekwishafika na kigoda chake anasubiri kusuluhisha.

Walikuwa kwenye kikoba kimoja. Siku moja shosti akachukua mkopo, mkubwa kuliko wote uliowahi kutoka kwenye lile sanduku lenye kufuli tatu, na mdhamini wake akawa Mkuu wa Mkoa. Pesa ile pamoja na magunia yao ya ufuta ikanunua mashine ya kukoboa mpunga. Siku ya kuiwasha tulikwenda sote. Mke wangu alipiga vigelegele kuliko mwenye mashine. Tukala pilau. Tukarudi.

Usiku, taa imezimwa, nikasikia, "Baba Watoto."

"Naam."

"Hivi mimi ulishawahi kuniona mvivu?"

Hilo swali, ndugu yangu, halina jibu. Ukisema ndiyo umekwisha. Ukisema hapana, linafuata la pili: sasa mbona mashine ni ya mwenzangu? Nikajifanya nimelala. Nikakoromeshwa na hofu hadi asubuhi.

Tangu hapo nyumba yangu ikaishi kwa mlio wa ile mashine. Ikiwaka alfajiri, Mkuu wa Mkoa anasimama uani na fagio, anahesabu. "Gunia la kwanza hilo." Msimu wa mavuno watu wanatoka vijiji vyote vya jirani na mpunga wao, foleni ya matela na baiskeli inafika barabarani, na kila gunia lililopita mbele ya nyumba yetu lilipita juu ya moyo wa mke wangu. Isitoshe, shosti alipata jina jipya. Hakuna tena aliyemwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Akawa Mama Mashine, hata kanisani. "Mimi sina wivu," mke wangu alisema. "Nasema tu." Mkeo akisema anasema tu, ficha pochi.

Taarifa ya Habari ndiye aliyeleta neno ndagu, yaani uchawi wa kutafutia utajiri. Alileta wakati wa chakula, kwa sauti ya chini, akiangalia mlango. Mashine gani inakoboa mpaka saa nne usiku? Mpunga wa usiku ni wa nani? Nikamweleza kwamba foleni ikiwa ndefu kazi inafika usiku, hakuna ajabu. Akaniangalia kwa huruma. Mimi maneno hayo yananiuma kuliko wengine, kwa sababu niliwahi kwenda semina mkoa wa mbali, nikataja ninakotoka, na mwalimu niliyepangiwa naye chumba akahamishia godoro lake kwa wenzake. Asubuhi alinisalimia kwa shikamoo ingawa alinizidi umri. Basi nikaamua kuzima moto mapema. Nikamwambia mama mkwe kwamba haya mambo ya kushukiana yana hatari, na serikali ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, enzi za Mwingereza, na mpaka leo ipo.

Akatafuna taratibu, akameza. "Mwanangu, kama uchawi haupo, huyo Mwingereza alitunga sheria ya nini?"

Nafundisha historia miaka yote hii, sikuwa na jibu. Spika akatangaza kwamba hoja ya bibi imepita.

Hata hivyo nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba mke wangu hakutaka ile mashine iharibike. Siku iliyokatika mkanda, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, na ndiye aliyempigia simu fundi. Alichotaka ni kuwa na yake, kubwa zaidi, ng'ambo ya barabara. Roho ya kwa nini ya mke wangu haimuombei mwenzake mabaya. Inaniombea mimi matumizi.

Akajaribu kwanza kuanzisha kikundi cha kuomba mkopo wa halmashauri, ule usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Kikundi hakikufika hata kwenye fomu. Kilifia kwenye kuchagua mweka hazina, sebuleni kwangu, na vikombe vyangu viwili.

Kisha yakaja mabati. Mama Mashine aliezeka bati za msauzi, nyekundu, zinang'aa mpaka unakunja uso. Nyumbani kwangu hapakuitishwa kikao. Nilirudi kutoka shuleni nikamkuta Fundi Karibu juu ya paa langu na bati za bluu. Pesa iliishia katikati, kwa hiyo tulielekeza uzuri mahali panapohusika: upande unaotazama kwa Mama Mashine ni wa bluu, upande wa nyuma ni kutu ileile tuliyorithi. Mgeni akifika kwa njia ya mbele anadhani amefika kwa mfanyabiashara. Akifika kwa njia ya shamba anatuonea huruma. Fundi anasema upande wa pili uko karibu.

Likafuata suala la muziki. Wenye umri wangu mnakumbuka miaka ya 1990, mashabiki wa taarabu walivyogawanyika kati ya Khadija Kopa wa TOT ya Kapteni John Komba na Nasma Khamis "Kidogo" wa Muungano. Huyu akirusha kijembe jukwaani, yule anajibu, na watu wanalipa kiingilio kwenda kusikia nani kasutwa. Sisi tulisikia bure. Mke wangu aligeuza spika ikatazama barabara. Kule nao wakageuza yao. Katikati ya magari mawili ya mnada na mashine ya kukoboa, nyumba mbili zilijibizana kwa nyimbo za watu wengine, na ng'ombe wa Wasukuma waliokuwa wanapita wakawa wanasita njiani wasijue wafuate fimbo au bezi. Mimi nilisahihisha madaftari chini ya mwembe, nikampa mtoto mmoja alama 100 kwa hesabu ambayo nilikuja kugundua hakuifanya.

Jioni moja nikaona niwape somo. Nikawasimulia hadithi ya Milansi, ambayo kila Mfipa anapaswa kuijua. Zamani Milansi ndiyo iliyokuwa chimbuko la utawala wa Ufipa. Mtawala akaenda kuwinda, akamwachia mkewe kigoda cha enzi na onyo kuhusu wageni. Wakaja wanawake wageni kutoka mbali, wakapewa kigoda, wakakikalia. Mtawala kurudi, mambo yamekwisha: akabakishiwa mlima wake wa Milansi na heshima za kimila, nchi ikawa ya wageni. Na uzao wa wageni hao nao haukukaa kwa amani. Ukagawanyika falme mbili, Nkansi na Lyangalile, ndugu kwa ndugu wakioneana gere na kupigana. Wilaya ya Nkasi mpaka leo inabeba jina la mmojawapo. Nilikuwa naelekea kwenye funzo, kwamba ushindani wa watu wa karibu ndio mrefu kuliko wote, lakini sikufikishwa.

"Ngoja kwanza," Mkuu wa Mkoa akasema. "Kigoda kilipochukuliwa, mwanaume alikuwa wapi?"

"Kuwinda."

"Alirudi na nyama?"

Hadithi haisemi. Nikanyamaza. Akawatazama watoto: mnaona? Tangu siku hiyo nikichelewa kurudi nyumbani naulizwa kama nilikuwa Milansi. Mwenzangu yule angalau aliachiwa mlima. Mimi nimeachiwa kiti kimoja sebuleni chenye mguu mbovu, ambao nao uko karibu kutengenezwa.

Mtu pekee aliyenielewa ni mume wa Mama Mashine, Bwana Mashine, mtu mpole, siku hizi analala juu ya magunia ya pumba kulinda injini. Huwa tunakutana nyuma ya banda, tunatuma mtoto atuletee pombe ya ulezi. Jioni moja nikamtolea yangu yote: mabati, spika, kigoda. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha ghafla.

"Mwalimu, unajua mashine hii ilinunuliwa kwa sababu gani?"

"Biashara."

"Kwa sababu yako wewe. Miaka yote mke wangu ananiambia, mwenzangu ana mume wa mshahara. Mvua inyeshe, isinyeshe, mwisho wa mwezi kwake kunaingia. Tarehe zenu zikifika alikuwa hali chakula. Anasema, nikipata mashine na mimi nitakuwa na mshahara wangu."

Nilikaa na kikombe mkononi. Mshahara huo anaouonea gere mwanamke wa watu, mimi mwenyewe huwa nausikia kwenye simu tu, unaingia na kuaga. Kumbe nyumba mbili zilikuwa zinachunguliana kila moja ikidhani nyingine ndiyo iliyofanikiwa, na katikati tumekaa wanaume wawili tunagharamia dirisha.

Nikaenda nyumbani mbio na habari hiyo. Niliamini nimebeba amani. Nikamweleza Mkuu wa Mkoa neno kwa neno: mwenzako ndiye aliyekuwa anakuonea wivu wewe, tangu zamani, basi tulieni. Uso wake ukakunjuka vizuri kabisa. Akanipa na nyama ya ziada. Tulipomaliza kula akaweka kijiko chini.

"Kumbe ameanza yeye!"

Hapo ndipo tulipoingia kwenye Komunyo ya Kwanza.

Mpelelezi na mtoto wa Mama Mashine walisoma mafundisho darasa moja, na Jumapili yao ilikuwa moja, mwezi wa sita, mpunga ukiwa umeingia ndani na watu wana hela. Padre alishatangaza kwamba sherehe ziwe za kiasi. Wanawake wote wawili waliitikia, nikawasikia. Lakini Mpelelezi alipoanza kuleta taarifa, kiasi kikahama. Kule wamekodi turubai moja. Kwetu yakawa mawili. Kule mbuzi, kwetu nguruwe na mbuzi. Kule MC anatoka mjini. Kwetu Spika alipandishwa cheo siku hiyohiyo. Taarifa ya mwisho ilikuja jioni ya Alhamisi: wana keki ya ngazi mbili.

"Tatu," alisema Mkuu wa Mkoa.

Keki za aina hiyo Milepa hatuoki, inabidi zitoke Sumbawanga mjini. Nikatumwa mimi. Jumamosi alfajiri, kwenye ile baridi ya juu, nilikabidhiwa boksi kubwa, na ndani yake keki nyeupe imesimama wima, krimu imeganda, imeandikwa kwa rangi nyekundu HONGERA MWANETU. Mama mwokaji akaniuliza inakwenda wapi. Nikamwambia bondeni. Akafunga macho kidogo, akanirudishia chenji yote bila kubishana. Hapo ningepaswa kuelewa.

Kondakta akaidai keki nauli ya kiti. Nikalipa, lakini kiti chenyewe akakaa mama mwenye kuku wanne, keki ikaja mapajani kwangu. Mpaka Ntendo tulikuwa salama. Abiria wananipongeza, wengine wanauliza bei. Tukaanza kushuka. Kila kona basi likiinama kulia, ngazi ya tatu inaegemea kulia. Likiinama kushoto, inafikiria. Vumbi likaingia. Kisha likaja joto. Wasioijua ile barabara hawawezi kuamini, unavua sweta juu na kufika chini unatafuta kivuli, ndani ya safari hiyohiyo. Tulipoiona Muze krimu ilikuwa inateremka kwenye suruali yangu ya ibada. Kuku mmoja akatoa kichwa kwenye kapu akaonja. Mama mwenye kuku akasema, "Pole, Mwalimu," kisha naye akaonja. "Tamu lakini."

Niliingia uani kwangu mbele ya kamati nzima ya maandalizi. Boksi likafunguliwa. Ngazi ya tatu ilikuwa imeungana na ya pili, ya pili inakaa upande wa ya kwanza, na katika maandishi yote yalibaki herufi nne, ya mwisho imevimba. Mpelelezi, ambaye shuleni kusoma ni shida, siku hiyo akasoma vizuri kwa sauti: "Ge-re."

Nikasubiri radi. Mkuu wa Mkoa hakusema neno. Alikaa chini, kanga usoni, na nikaona mabega yanatikisika, nikadhani analia. Labda alikuwa analia. Ndipo Mpelelezi akaongeza taarifa aliyokuwa ameisahau kwa sababu ya kula mabaki ya krimu: ya kina Mama Mashine ililetwa jana, na yenyewe imelala. Imefunikwa na kanga jikoni, na Mama Mashine amejifungia, hataki kuona mtu.

Taarifa ya Habari akasimama kwenda kutangaza. Mke wangu akamshika mkono. "Mama, kaa." Akainua lile boksi, krimu inadondoka, akavuka barabara nalo mwenyewe, akagonga mlango wa jikoni wa shosti wake. Ukafunguliwa. Ukafungwa. Kwa muda mrefu hakukusikika kitu, kisha kikatoka kicheko, kile cha zamani cha beseni la maandazi, cha kupiga kofi ukutani. Mashine ikazimwa. Bwana Mashine akatoka bandani akiwa na pumba kichwani, akaniuliza kutoka ng'ambo kuna msiba gani.

Jumapili ilikuwa sherehe moja. Maturubai matatu yalisogezwa yakaunganishwa barabarani, mbuzi wote wakaingia sufuria moja, na keki mbili zilikatwakatwa zikiwa jikoni, zikaletwa kwenye sahani, mgeni asijue kipande kipi kilikuwa cha ngazi ya ngapi. MC wa mjini na Spika waligombania kipaza sauti mpaka jioni, Spika alishinda. Mama mkwe alimwambia kila mtu kuwa huo mpango ulikuwa wake.

Bili ya viti, maturubai na MC iligawanywa kwa haki sawa, nusu kwangu na nusu kwa Bwana Mashine. Nikafikiri basi, tumemaliza. Wiki iliyofuata mashosti wawili wakaja sebuleni, wamevaa sare, na karatasi ya kikoba. Wameona mashine ya kukamua alizeti. Wananunua pamoja, na safari hii, kwa sababu wote wawili ni wakopaji, wadhamini lazima wawe watu wengine. Peni ilikuwa imeshawekwa juu ya meza. Bwana Mashine alisaini kwanza, akanisogezea karatasi bila kunitazama usoni.

Marejesho yanaanza mwezi ujao, yanakatwa tarehe ya mshahara. Kwa hiyo kama kuna mwalimu wa shule ya msingi mahali popote nchini anayetaka kuhamia Milepa tubadilishane vituo, mpunga upo, samaki wa ziwani wapo, na nyumba ina bati za bluu upande mmoja. Ila asinipigie jioni. Jioni simu anashika Mkuu wa Mkoa.